Aliyeisimamia "Celebration" ni Mbrazili wa bossa nova. Mbona jina lake halitajwi?

#1 SanturiYaMjomba
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu hapa Tanga. Maharusi wanaingia ukumbini, MC akafungulia "Celebration" ya Kool & the Gang kama ada, watu wote juu. Mjomba wangu, mzee wa santuri, akaniinamia sikioni: "Unajua aliyeusimamia wimbo huu alianza na bossa nova, ule muziki laini wa Brazil, Rio?" Nikadhani ananitania.

Kesho yake akanitolea jalada la santuri yenyewe, ile ya 1980. Akaligeuza, akaweka kidole chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama ya karatasi ya dawa. Prodyuza: Eumir Deodato.

Wiki nzima nimekuwa nikimfuatilia. Kazaliwa Rio de Janeiro 1942. Kashika kodiani akiwa na miaka 12, mengi kajifunza mwenyewe. Ana miaka 17 tayari anaongoza okestra studio. Miaka ya sitini anapiga na kundi lake la Os Catedráticos, 1967 anahamia New York. Kuanzia hapo ukitaja jina kubwa, naye yumo: Jobim mtunzi wa bossa nova, Sinatra, Roberta Flack, Wes Montgomery, Milton Nascimento, baadaye Kool & the Gang, halafu mwimbaji Björk wa Iceland.

Swali langu: mtu anapitaje kote huko, halafu ukumbi mzima unaocheza kazi yake usiwe na hata mmoja anayemjua? Dai langu ni kwamba wapangaji wa muziki wanadhulumiwa majina. Karibuni.

#2 ChumbaNaSebule
Nimeona neno "wapangaji" nikaja mbio, nikadhani ni uzi wa kodi za nyumba. Nielewesheni, mpangaji wa muziki anafanya nini hasa? Si ndiye mtunzi?

#3 FidlaYaNgambo
#2 hapana, bwana. Mtunzi huja na sauti ya wimbo na maneno. Mpangaji huupokea wimbo ule mtupu akaamua: hapa zianze filimbi, fidla zingoje mpaka mwimbaji amalize, besi ipite njia hii, tarumbeta ziingie mara mbili tu basi. Anaandika nota za kila mpigaji. Wimbo mmoja ukimpa mpangaji huyu unakuwa wa huzuni, ukimpa yule watu wanacheza.

Napiga fidla kwenye taarabu hapa Unguja. Kwetu fidla zote, ganuni na kodiani hupita njia moja, kila mtu akipamba kwa adabu yake. Huyu Deodato yeye hugawa. Fidla juu, chelo chini, filimbi katikati, kila kundi na maneno yake. Mara ya kwanza kumsikiliza kwa makini nilikuwa namfuata chelo peke yake mpaka mwisho wa santuri, nikarudia tena kumfuata mpiga filimbi.

#4 BandariYaZamani
Mtoa mada ahsante kwa uzi. Mimi huyu namjua kitambo. Ndiye aliyepanga ile santuri ya Sinatra na Jobim ya 1967, na ile ya Jobim iitwayo Wave. Fidla laini kama pamba. Mtu mzito huyo.

#5 DadaNota
Kaka #4, samahani, hapo umechanganya watu wawili. Sinatra na Jobim ya 1967 alipanga Claus Ogerman, Mjerumani. Wave nayo, mwaka huohuo, ni Ogerman.

Deodato alikuja nyuma yake. Mwaka 1969 Sinatra na Jobim walirudi studio kwa awamu ya pili, safari hii mpangaji akiwa Deodato, na nyimbo kadhaa za kipindi kile zikatoka 1971 kwenye Sinatra & Company. Kwa Jobim mwenyewe alipanga Tide na Stone Flower, zote za 1970.

Ukitaka kuwatofautisha kwa masikio, cheza Wave halafu Stone Flower. Ogerman anatandika fidla kama shuka, Jobim analala juu yake. Kwa Deodato ngoma zimesogezwa mbele, Jobim anapiga kinanda cha umeme, na kuna nafasi tupu nyingi. Deodato mwenyewe anapiga gitaa humo. Kuna "Brazil" ya Ary Barroso, wimbo ambao kila bendi imeupiga kwa kelele za sherehe. Wao wameupunguza mwendo hadi unahisi mtu anatembea ufukweni hana haraka ya kufika.

#6 BandariYaZamani
Dada #5 nimekubali, nilikuwa nategemea kumbukumbu. Nimecheza zote mbili sasa hivi. Tofauti ipo, tena kubwa.

#7 KijanaWaKinondoni
Huyu si ndiye yule mpiga piano aliyefariki 2023? Niliona watu wanamlilia mtandaoni.

#8 DadaNota
Huyo ni João Donato. Majina yanafanana ila ni watu wawili, na walijuana vizuri: kuna santuri ya 1973 iitwayo Donato/Deodato, Donato akiwa na nyimbo zake na Deodato akipanga. Itafute, haichoshi.

#9 JerseyKaskazini
Salamu kutoka huku Marekani. Mimi ni dereva wa malori, hupita sana Englewood Cliffs, New Jersey, ng'ambo tu ya mto kutoka Manhattan. Studio ya Rudy Van Gelder iko pale kando ya barabara, imejificha kwenye miti, wala huwezi kuijua kama hujaambiwa. Ndani dari lake ni la mbao, limepanda juu kama la kanisa. Stone Flower ilirekodiwa hapo. Na Prelude, ile iliyompa Deodato umaarufu, ilirekodiwa hapohapo Septemba 1972.

Siku niliyoonyeshwa mahali pale niliegesha nikacheza Prelude yote kwenye simu, nikachelewa mzigo. Sijutii.

#10 KwayaYaMtaa
Narudi kwenye swali la mtoa mada. Jibu ni mkataba, hakuna kingine. Mtunzi analipwa kila wimbo unapopigwa. Mpangaji kwa kawaida hulipwa mara moja kwa kazi yake, akitoka mlangoni imekwisha.

Hili limenikuta. Miaka kumi iliyopita nilipangia kwaya moja wimbo, sauti nne, nikaongeza na kipande cha kinanda cha kuanzia. Nilikaa nao majuma matatu. Nikapewa bahasha, nikashukuru. Wimbo ule ukasambaa, mpaka leo nausikia kwenye daladala, na watu wanaupendea kile kipande cha mwanzo. Kwenye video jina langu halipo. Sikuandikiana nao chochote, nilidhani watakumbuka wenyewe. Kila ukipigwa naangalia dirishani.

#2 uliuliza kwa utani lakini neno lako limekaa mahali pake. Unaingia kwenye nyumba ya mtu, unapaka rangi, unapanda maua, halafu unahama maua yamechanua.

#11 ChumbaNaSebule
#10 pole sana mkuu. Taja kwaya tuisikilize tujue ni wewe.

#12 KwayaYaMtaa
Hapana, sitawataja. Ni watu wangu wale.

#13 MzeeWaKanda
Namheshimu #10, lakini maelezo yake hayamtoshi Deodato. Huyu hakufichwa. Prelude jina lake limeandikwa kubwa jaladani. Ule wimbo wa kwanza, "Also Sprach Zarathustra", ulifika namba 2 kwenye chati za Marekani na namba 7 za Uingereza mwaka 1973, na 1974 ukampa tuzo ya Grammy. Mtu aliyefika namba 2 Marekani utasema kadhulumiwa jina?

Na kwa habari ya malipo, tazameni alichochagua. Muziki ule ni wa Richard Strauss, mtunzi wa Kijerumani, wa 1896. Watu walikuwa wameuzoea kutoka filamu ya Stanley Kubrick ya 1968. Kwa sheria za Marekani wakati ule, kazi ya 1896 haikuwa na mwenyewe tena. Mpangaji akiugusa, mpango ni wake. Kama ni suala la mikataba, basi mzee alishajua mlango wa kutokea.

#14 SanturiYaMjomba
#13 hapo umenipa kazi. Nilikuwa sijui habari ya namba 2. Nimeucheza asubuhi hii na mjomba. Mwanzo hakuna wimbo kabisa, kuna njuga na vitu vinavyotikisika tu, kama mtu anapekua droo ya vijiko gizani. Kisha kinanda cha umeme kinaingia, besi, ngoma. Unakaa unangoja ile tarumbeta ya filamu. Inapokuja, chini yake watu wanacheza! Mjomba anasema 1973 alikuwa Dar, na kwenye dansi la usiku waliwahi kuupiga wote, dakika tisa, hakuna aliyekaa.

#15 DadaNota
Anayetikisa vile vitu ni Airto Moreira, Mbrazili mwingine. Ngoma ni Billy Cobham, besi Ron Carter na Stanley Clarke, gitaa John Tropea, filimbi Hubert Laws. Prodyuza Creed Taylor, mwenye lebo ya CTI. Humohumo Deodato amegusa Debussy, mtunzi wa Kifaransa, na santuri iliyofuata akaingia kwa Gershwin, mtunzi wa Kimarekani. Alikuwa na jicho la kuona wapi kwenye muziki wa zamani pamelala ngoma.

#16 MtotoWaLikoni
Mimi nina sababu nyingine, na naona ndiyo kubwa. Haimbi. Watu humkumbuka mwenye sauti. Muulize mtu yeyote hapa Mombasa amtaje mpiga gitaa wa wimbo anaoupenda, atakwambia "yule aliyeimba." Zarathustra ilifika namba 2 bila neno hata moja. Utaimbaje ukiwa unafua? Utamwitaje DJ aupige? Wimbo usio na maneno hauna pa kuushika, unapita.

#17 BandariYaZamani
#16 hiyo ina uzito. Ila mnasahau siasa. Brazil jeshi lilipindua 1964, wanamuziki wakakimbizwa. Deodato alikimbia nchi, akawa mkimbizi New York, kwao jina lake likafutwa. Angebaki Rio angekuwa kama Jobim.

#18 DadaNota
Kaka yangu #17, leo tuna ugomvi mimi na wewe. Mapinduzi ya 1964 ni kweli. Lakini waliokamatwa na kufukuzwa ni kina Caetano Veloso na Gilberto Gil. Walikamatwa Desemba 1968, baada ya amri ile kali ya jeshi ya mwezi huohuo, na 1969 wakaenda London. Deodato alikuwa ameshaondoka tangu 1967, na alifuata kazi. Luiz Bonfá, mpiga gitaa wa Brazil, alimwita New York kupanga muziki. Akiwa huko akapanga sehemu ya santuri ya Beach Samba ya mwimbaji Astrud Gilberto, akashika na kazi ya Wes Montgomery.

Na kabla ya kuondoka kwao hakuwa mtu mdogo. "Travessia" ya Milton Nascimento, iliyoshika nafasi ya pili kwenye tamasha la nyimbo Rio mwaka 1967, mpango ni wa Deodato. Milton alikuwa kijana wa Minas Gerais hajulikani, na wimbo ule ndio uliomfungulia njia. Kisha wakaonana tena kwenye santuri ya Milton ya Courage, 1969.

#19 BandariYaZamani
Nimekubali kuhusu kukimbizwa. Sikubali yote. Mtu akiondoka kwao ana miaka 25 asirudi kuishi, kwao watamwimba nani? Wamarekani wanamwona Mbrazili, Wabrazili wanamwona wa New York. Mimi nimekaa Muscat miaka 18, nayajua haya. Ukirudi nyumbani wanakuita Mwarabu, ukiwa huko wewe ni Mswahili. Jina lako linabaki uwanja wa ndege.

#20 FidlaYaNgambo
#19 umenigusa. Nina kaka yangu huko huko.

#21 KijanaWaKinondoni
Wazee tulieni. Mnajua kwamba huyu ni babu mzaa mama wa Hailey Bieber? Mke wa Justin Bieber! Kwa hiyo vijana tunamjua kuliko nyinyi.

#22 MtotoWaLikoni
#21 unamjua mjukuu, babu umemjua leo kwenye uzi huu. Rudi kwenye #7 usome ulichoandika.

#23 KijanaWaKinondoni
Haya nimekaa kimya. Lakini Prelude nimeipakua, naenda nayo.

#24 RhumbaNiTiba
Jamani mimi nitasema lisilopendeza. Nimeipenda bossa nova tangu nikiwa shule, ni muziki wa kunong'ona. Gitaa moja, sauti moja, dirisha limefunguliwa. Deodato alitoka humo akaenda kwenye disko. Santuri zake za mwisho wa sabini ni za kumbi za taa za rangi. Halafu akashika Kool & the Gang. Kwangu mimi jina lake halitajwi na watu wa bossa nova kwa sababu aliwaacha, na watu wa disko hawamtaji kwa sababu hakuwa wao. Kuna gharama ya kuhama kila mara.

#25 MzeeWaKanda
Dada #24, Kool & the Gang wenyewe nilikuwa nao tangu "Jungle Boogie" na "Hollywood Swinging". Muziki mzito, tarumbeta zinasukumana, kila mtu anataka kusikika. Disko ilipokuja wakapotea kidogo. Mwaka 1979 wakampata mwimbaji J.T. Taylor, na Deodato akakaa kiti cha prodyuza. Ikatoka Ladies' Night. Mwaka uliofuata "Celebration", ambayo Februari 1981 ilikuwa namba 1 Marekani. Akakaa nao mpaka 1982, santuri nne.

Sasa kaa usikilize "Too Hot", iko kwenye Ladies' Night. Izime taa. Gitaa linatembea polepole, fidla zinangoja, tarumbeta zinasema neno moja zinanyamaza. Bendi ileile iliyokuwa inasukumana. Nani aliwafundisha kungojana? Mimi nasema ni mtu aliyelelewa Rio. Hakuiacha bossa nova mlangoni, aliingia nayo.

#26 RhumbaNiTiba
Nimeisikiliza "Too Hot" mara tatu kwa ajili yako. Nakubali fidla. Lakini J.T. Taylor ndiye anayenong'ona, ile ni sauti yake. Na nyimbo zilitungwa na bendi, "Celebration" Ronald Bell na wenzake. Tusimpe Deodato kila kitu kwa sababu tumemgundua juzi.

#27 JerseyKaskazini
#26 uko sahihi, huku bado ni bendi ya nyumbani, walianzia Jersey City 1964. Ukimwambia mtu wa huku kwamba "Celebration" ni ya Mbrazili atakufukuza. Santuri zile zilirekodiwa West Orange, si mbali. Huku wanasema: Deodato alisimamia, muziki ni wetu.

#28 FidlaYaNgambo
Nami niseme la Björk, maana hamjamgusa. Kwenye santuri yake Post, 1995, Deodato amepanga fidla za "Isobel" na "Hyperballad". Homogenic ya 1997 pia yumo kwenye mpango wa fidla, wapigaji wanane wa Iceland. Ana miaka hamsini na ushei, anafanya kazi na msichana anayetumia ngoma za kompyuta.

"Hyperballad" nimeandika nota zake za fidla kwa kusikiliza, nirudie kwa wenzangu. Mashine inapiga bila kuchoka, haipandi wala haishuki. Fidla ndizo zinazopumua. Zinaanza chini kabisa, nusu husikii, na kadiri wimbo unavyokwenda zinajaa, mpaka mwisho unashindwa kusema ni lini ziliingia. Nimejaribu na wenzangu watatu, fidla mbili na chelo. Tulishindwa pale pa kujaa. Tulikuwa tunaingia kwa kishindo, kama watu wanaofungua mlango. Yeye haufungui, unakuta tu yuko ndani.

Ndiyo maana mimi siamini mkataba wala uhamiaji. Naona ni tabia yake. Mtu anayepanga fidla namna ile hataki umwone akiingia.

#29 KwayaYaMtaa
#28 umeeleza vizuri mno, lakini siwezi kukuachia hilo la tabia. Ndilo wanalotuambiaga: "wewe mtu wa nyuma ya pazia, unapenda utulivu." Mimi sikupenda. Sikuulizwa.

#30 MzeeWaKanda
#29 lakini Deodato aliulizwa. Baada ya namba 2 na Grammy alikuwa na bendi yake, akahamia lebo kubwa zaidi, akatoa santuri kwa jina lake miaka ya sabini yote. Baadaye ndipo akageukia zaidi kazi za wengine. Huyo alichagua.

#31 MtotoWaLikoni
Au hazikuuzwa kama ile ya kwanza, akaenda penye ugali. Hilo nalo ni kuchagua?

#32 DadaNota
Mnajua kuna kitu kwenye ile filamu ya Peter Sellers, Being There, 1979. Mtu aliyefungiwa nyumbani maisha yake yote anatoka mlangoni mara ya kwanza, anaanza kutembea mjini, na muziki unaopigwa ni Zarathustra ya Deodato. Nimeiona mara nyingi. Kila nikiiona naona mwongozaji aliufahamu wimbo ule kuliko sisi tunaobishana: ukuu wa Strauss uko palepale, lakini miguu iko barabarani.

#33 RhumbaNiTiba
Hiyo naitafuta usiku huu. Ahsante dada.

#34 SanturiYaMjomba
Wakuu nashukuruni. Nilikuja na dai moja, sasa ninayo matano na yote yananivuta. Nimemsomea mjomba uzi mzima kuanzia juu. Kwenye #10 aliniambia nisome tena. Kwenye #26 alikasirika, akaenda kuileta Ladies' Night akasema "mwambie asikilize upande wa pili pia."

Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine ya ukoo. MC ni yuleyule, nimeongea naye. Amekubali "Celebration" ikianza atalitaja jina la Deodato kwenye kipaza sauti, ila kaniomba nimwandikie linavyotamkwa. Nani anajua vizuri Kireno?

#35 DadaNota
Mwandikie "Eumiri Deodatu". Ile "o" ya mwisho kwao inakaribia "u".

#36 KwayaYaMtaa
MC akilitaja, rekodi kwa simu uweke hapa.

#37 SanturiYaMjomba
Nitarekodi. Na mjomba anauliza kama kuna mwenye Stone Flower ya kuazima. Yake ilikaa dirishani, jua limeipinda, sindano inaruka pale pale "Brazil" inapoanza.